Bustani ya nyumbani inagoma? Anza na dalili unayoiona, dawa baadaye

Malalamiko ya bustani za nyumbani yanajirudia yale yale kila msimu: majani yamekuwa njano, mche umelala, maua yanapukutika, nyanya inaoza kitako. Na karibu kila anayeuliza anamalizia na "nipige dawa gani?" Sasa hapo ndo watu wanapopotea. Dawa ya wadudu haitibu mizizi iliyooza, na mbolea haiokoi mmea ambao mizizi yake imezama kwenye maji na haipati hewa. Shida nyingi za bustani ndogo zinaanzia kwenye maji na udongo, na hivo viwili unavikagua kwa kidole na kijiti tu, hununui kitu.

Kwa hiyo kabla hujashuka kwenye dalili yako, fanya vitu vitatu. Chomeka kidole kwenye udongo kama sentimita 5 hivi karibu na shina, maana juu panaweza kuwa pakavu kabisa kumbe chini pamelowa chapachapa. Geuza jani uangalie upande wa chini, wadudu wengi makazi yao ni huko. Halafu angalia nani kaathirika: ni mmea mmoja, ni jamii moja (tuseme nyanya na pilipili peke yake), au ni kila kitu mpaka maua ya urembo? Hili la tatu watu wanalidharau lakini ndo linaloamua mengi, kwa sababu magonjwa mengi yanachagua jamii ya mimea, ukiona vitu visivyohusiana vimeharibika vyote kwa wakati mmoja shuku kwanza maji, joto, mbolea iliyozidi au dawa ya magugu.

Majani yanageuka njano

Swali ni njano imeanzia wapi. Kama ni majani ya chini yaliyokomaa, sababu inayoongoza ni maji kuzidi. Kidole kinatoka na tope na ukichimba kidogo unasikia harufu ya kuoza. Acha kumwagilia mpaka zile sentimita 5 za juu zikauke, hakikisha kopo lina matundu na hayajaziba, na kile kisahani cha chini kilichojaa maji kimwage. Watu wengi wanamwagilia kila jioni kwa sababu ni jioni, sio kwa sababu mmea una kiu.

Udongo ukiwa na unyevu wa kawaida, inayofuata ni njaa ya naitrojeni. Hapa jani lote linapauka kwa usawa, mmea umedumaa, na udongo una muda mrefu haujalishwa. Weka mboji au samadi iliyoiva na usikae unayaangalia yale majani ya njano ukisubiri yarudi kijani, hayarudi, angalia yanayochipua mapya. Kama njano iko katikati ya mishipa tu na mishipa yenyewe imebaki kijani, na bado ni majani ya zamani, hiyo ni dalili ya kukosa magneziamu. Na kama ni majani mawili matatu ya chini kwenye nyanya iliyoshiba vizuri na inazaa, huo ni uzee tu, yakate uendelee na shughuli zako.

Njano ikianzia kwenye majani machanga ya juu, mishipa kijani, hapo mmea unakosa madini ya chuma. Cha kushangaza ni kwamba mara nyingi chuma kipo tele udongoni ila mmea hauwezi kukichukua kwa sababu pH (kipimo cha uchachu wa udongo, ikipanda uchachu umepungua) imepanda kupita 7, na kwenye bustani za nyumbani mkosaji huwa ni majivu au chokaa. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, naitrojeni hayana, na yanapandisha pH, sasa mtu anamwaga ndoo ya majivu kila wiki akiamini ni mbolea kamili matokeo yake ndo hayo. Acha majivu, ongeza mboji. Mimea mingi ya mboga inapenda pH kati ya 6 na 7. Kama majani mapya yanaendelea kutoka njano, simama hapo, peleka udongo maabara ukapimwe, maana kurekebisha pH kwa kubahatisha ni rahisi kuharibu na inachukua miezi kurudisha.

Mmea unanyauka

Hii ndo inayowatisha watu zaidi, na ndo inayofanya watu waue mimea kwa huruma, yaani mmea umelala mtu anakimbilia ndoo. Usikimbilie. Subiri kesho asubuhi mapema kabla jua halijawaka. Matango na maboga yana majani mapana, saa nane mchana yanalala na jioni yanasimama, hiyo sio shida. Shida ni mmea ambao asubuhi na ubaridi wake bado umelala.

Asubuhi umelala na udongo mkavu: ni kiu, mwagilia. Ila kuna mtego kwenye makopo, udongo ukikauka kupita kiasi unaanza kuyakataa maji, yanapita pembeni yanatokea chini wewe unaona umemwagilia kumbe katikati bado vumbi. Litumbukize kopo kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe, kama nusu saa, kisha litoe lichuruzike.

Asubuhi umelala na udongo umelowa: weka ndoo chini. Chomoa mmea taratibu uangalie mizizi. Mizizi mizima ni meupe na inakaza, iliyooza ni ya kahawia, inateleza, na ukiuvuta mzizi mmoja ganda linavuka linabaki kwenye vidole huku ndani kuna kijiuzi chembamba. Kama ni kopo, kata iliyooza, panda kwenye udongo mpya wenye matundu ya kutosha chini. Kama ni ardhini, pima jinsi maji yanavyotoka: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, likishaisha lijaze tena na uhesabu. Yakishuka pungufu ya sentimita 2 na nusu kwa saa, hapo udongo wako haunywi, inua matuta na uchanganye mboji nyingi. Usichanganye mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi ukidhani unaulainisha, unaweza kupata kitu kigumu zaidi.

Mche mdogo umekutwa asubuhi umekatwa shingoni na uko chini kama umekatwa na kisu, huyo ni sota. Fukua udongo hapo hapo kuzunguka mche utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja. Muue, halafu miche iliyobaki izungushie pete ya karatasi ngumu iliyozama udongoni sentimita 2 au 3.

Sasa ile mbaya. Nyanya, pilipili au biringanya iliyokuwa na afya, majani bado kijani, udongo uko vizuri, ghafla inanyauka na siku chache tu imekufa. Shuku mnyauko bakteria. Kipimo chake hakihitaji maabara: kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa iguse maji, usitikise. Kaa uangalie dakika kadhaa. Kama ni wenyewe utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka polepole kutoka kwenye mkato, na ukiiacha maji yote yanakuwa na ukungu. Ukiziona nyuzi hizo acha kutafuta dawa ya kupuliza, haipo. Ng'oa mmea na mizizi yake, usiutupe kwenye mboji, maji ya glasi usiyamwage bustanini, osha jembe na kisu na viatu. Na hapo mahali usirudishe nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Hii ni mojawapo ya sehemu za kumwita bwana shamba, hasa kama majirani nao wanapanda jamii hiyo na maji ya mvua yanatiririka kutoka kwako kwenda kwao.

Nyuzi hazijatoka, lakini ukilipasua shina kwa urefu ndani kuna michirizi ya kahawia, na majani yalianza njano upande mmoja kutoka chini? Huo ni mnyauko fusari, ni ukungu wa udongoni. Nao hautibiki, msimu ujao tafuta mbegu za aina inayostahimili.

Na kuna mmea ambao haufi wala hauponi, umedumaa, unanyaukanyauka kila mchana, matunda kiduchu. Ng'oa mmoja uangalie mizizi, ikiwa na vifundo vifundo ni minyoo fundo. Angalizo kwa wenye maharage na kunde: vinundu kwenye mizizi ya jamii hiyo ni vya kawaida na vina faida, vinaupatia mmea naitrojeni kutoka hewani. Tofauti ni kwamba kinundu kizuri kimekaa pembeni ya mzizi, ukikigusa kwa kucha kinabanduka na ndani ni cha rangi ya pinki, wakati fundo la minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, haulibandui.

Mbegu hazioti, au zinaota halafu zinaanguka

Mara nyingi zimezikwa kina. Kanuni ni mara 2 mpaka 3 ya unene wa mbegu yenyewe, kwa hiyo mbegu ya mchicha unaifunika kwa udongo wa kunyunyizia tu, mbegu ya saladi inataka mwanga hata usiifunike sana. Ya pili ni udongo kukauka siku moja katikati ya kuchipua, mbegu ikishaanza kunywa maji ukaikatia imekufa. Ya tatu ni mbegu zenyewe: chukua 10, zifunge kwenye tishu yenye unyevu, weka kwenye mfuko sehemu yenye joto la kawaida. Baada ya wiki moja mpaka mbili zikiwa zimeota 8 mbegu haina kosa, tafuta kwingine, zikiota 3 tupa au panda kwa wingi. Mbegu za kitunguu zinazeeka haraka sana, za mwaka juzi usizitegemee.

Miche ikitoka vizuri halafu ikaanza kulala mmoja mmoja, shingo imekonda usawa wa udongo kama uzi, ni kinyausi, ugonjwa wa miche. Kinapenda miche iliyobanana, unyevu wa muda wote na hewa nzito. Punguza miche, mwagilia asubuhi badala ya usiku, ipe mwanga. Iliyoanguka haiinuki, ondoa. Ukipanda tena tumia udongo mwingine.

Maua mengi, matunda hakuna

Kwa maboga na matango tulia kwanza, maua ya dume ndo yanatangulia na yanaanguka yenyewe. Ua jike lina kijitunda kidogo nyuma yake, dume lina kikonyo kitupu. Kama majike yameshaanza na vijitunda vinakuwa njano vinadondoka, basi hakuna nyuki wa kutosha. Chuma ua la dume asubuhi mapema, toa petali, pakaza chavua katikati ya ua jike, kazi imeisha. Na kama kuna mtu anapiga dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi, umeshampata aliyewaua nyuki.

Kwa nyanya ni joto zaidi, mchana ukipita nyuzi 32 au usiku ukabaki juu ya nyuzi 24 hivi maua yanapukutika, na usiku wa baridi chini ya nyuzi 13 nao vile vile. Hali ya hewa hubadilishi, ila kivuli chepesi cha mchana na matandazo chini (nyasi kavu za kufunika udongo) vinasaidia. Kama joto ni la kawaida na mmea ni majani matupu, mnene, kijani kilichokolea, umeulisha naitrojeni kupita kiasi, acha mbolea. Na kama unapata jua chini ya saa 6 kwa siku hakuna ujanja mwingine, hamisha.

Nyanya inaoza kitako, au inapasuka

Doa jeusi lililobonyea kwenye kitako cha tunda, halina unyevu mwanzoni, baadaye linakuwa kama ngozi. Watu wanaita ugonjwa, sio ugonjwa. Tunda limekosa kalsiamu wakati likikua, na mara nyingi udongoni kalsiamu ipo, kinachokosekana ni maji ya kuipeleka kwa mfululizo. Leo kavu, kesho mafuriko, ndo chanzo. Weka matandazo sentimita 5 mpaka 8 usiguse shina, mwagilia kwa ratiba inayoeleweka, punguza mbolea za naitrojeni, na matunda yaliyoharibika yachume. Kuzika maganda ya mayai siku hiyo hiyo hakusaidii kitu kwa msimu huu, yanaoza polepole mno. Kupasuka nako ni ndugu wa hilo hilo, ukame halafu maji mengi kwa mkupuo, kwa hiyo mvua kubwa ikitabiriwa chuma zile zilizoanza kuwiva zimalizie ndani.

Majani yametoboka, yamejikunja, yana unga au madoa

Matundu makubwa na kinyesi cheusi kama punje: viwavi, watoe kwa mkono. Matundu na utelezi unaong'aa: konokono, toka na tochi usiku utawakuta kazini. Vitundu vidogo vidogo kama vya sindano ni mbawakawa wadogo warukao, miche ifunike na neti mpaka ikue.

Majani kunata na sisimizi kupanda na kushuka: vidukari. Anza na maji ya nguvu chini ya majani, siku kadhaa mfululizo, mara nyingi inatosha. Ikishindikana changanya kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kawaida kwa lita 1, jaribu kwenye jani moja usubiri kesho, kisha puliza jioni mpaka iwaguse wadudu wenyewe, maana sabuni ikishakauka haifanyi kazi. Sio sabuni ya unga tafadhali, inaunguza majani.

Unga mweupe juu ya majani ya maboga ni ubwiri unga. Huu hauhitaji jani lilowe ili usambae, unapenda msongamano na kivuli. Ondoa majani yaliyozidiwa, pitisha hewa. Madoa ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara kwenye nyanya, yakianzia majani ya chini, ni bakajani tangulia, kata majani yanayogusa udongo na acha kumwagia maji juu ya majani. Lakini madoa makubwa yanayoonekana kama yamelowa, yanaenea kwa kasi kipindi cha ubaridi na mvua, asubuhi chini ya jani kuna utando mweupe, hiyo ni bakajani chelewa na hapa hakuna kungoja wikiendi, siku chache inamaliza nyanya na viazi vyote. Ng'oa iliyoathirika, fukia au funga kwenye mfuko, na mpigie bwana shamba siku hiyo hiyo.

Kujikunja kuna aina tatu. Majani ya chini ya nyanya yamejiviringa kwenda juu lakini ni kijani na mmea unazaa, ni joto, achana nayo. Majani machanga madogo, yamejikunja juu, kingo njano, mmea umesimama haukui, na ukiutikisa wanaruka nzi weupe, hiyo ni virusi na haina tiba, ng'oa kabla nzi hawajapeleka kwa wengine. Majani yaliyosokoteka kama kamba, membamba, kwenye mimea ya aina tofauti kwa mpigo, ni dawa ya magugu, imepeperushwa na upepo, au imekuja kwenye bomba lililopigia magugu juzi, au kwenye samadi ya mnyama aliyekula nyasi zilizopigwa. Samadi ukiitilia shaka ipime: panda maharage kwenye makopo mawili, moja lenye samadi hiyo moja bila, baada ya wiki tatu linganisha majani.

Ncha za majani zimeungua na udongo wa kopo una ukoko mweupe

Chumvi za mbolea au za maji. Kwangua ukoko, mimina maji mengi polepole yatoke chini, rudia baada ya nusu saa, kisha pumzisha mbolea. Kwa ardhini sababu mara nyingi ni samadi mbichi, ina amonia inaunguza mizizi na ina vijidudu. Samadi mbichi isiingie kwenye mboga zinazogusa udongo ndani ya siku 120 kabla ya kuvuna.

Hapa unaacha kujifanyia mwenyewe

Sehemu moja ya bustani inalowa bila mvua, nyasi zake zimestawi kuliko kwingine na pana harufu ya choo: ni bomba la maji taka au shimo linavuja. Usile mboga za hapo, mwite fundi bomba. Bustani iko chini ya ukuta wa nyumba ya zamani unaobanduka rangi, pima madini ya risasi kabla ya kupanda mboga za majani, na watoto wasichezee udongo huo. Mti unaogusa nyaya za umeme usiuparamie na panga, hiyo ni kazi ya watu wa umeme.

Boga, tango au kingine cha jamii hiyo kikiwa kichungu sana ulipoonja, tema na utupe sufuria nzima, kupika hakuondoi ile sumu na inatapisha vibaya.

Dawa za viwandani: usichanganye mbili kwa kukisia, usihamishie kwenye chupa ya soda, fuata siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo, lebo imebanduka basi dawa hiyo haitumiki. Mtu aliyepuliza akaanza kutoa jasho jingi, mate, kutapika au kuona ukungu, mtoe eneo hilo, mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa sabuni na maji, usimtapishe, na mpeleke hospitali pamoja na kopo la dawa.

Ukienda kwa bwana shamba usiende na jani moja lililonyauka mfukoni, hatakuambia kitu. Chukua mmea mzima na mizizi na udongo kidogo, ambao ndo kwanza umeanza kuugua, sio uliokufa. Ufunge kwenye gazeti, sio mfuko wa plastiki, kwenye plastiki unaoza njiani. Beba na jani la mmea mzima wa kulinganisha, picha ya bustani yote, na kikaratasi cha ulichoweka na lini: mbolea, majivu, dawa, hata maji ya kufulia.